Naanza Kwaresima yangu mwenyewe, na nyumbani tunaingia Ramadhani. Nianzie wapi?

mamalishe_moro

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Nina miaka 34, nauza chakula karibu na stendi ya Msamvu hapa Morogoro. Asubuhi ni chai, supu na chapati, mchana wali na ugali wenye nyama au maharage, na samaki siku nikiwapata kwa bei nzuri. Nimebatizwa na nina Kipaimara. Mume wangu ni Mwislamu, ndoa yetu ni ya bomani, kanisani hatujafunga, kwa hiyo Komunyo sipokei. Misa naenda. Wenzangu wakitoka kwenda kupokea, mimi napiga magoti kwenye benchi na kusali pale pale.

Kwaresima niliyoijua ni ya bibi yangu, Kilosa. Ikifika Ijumaa nyama haionekani, saa kumi jioni anatukusanya wajukuu twende Njia ya Msalaba, tukirudi tunakula kisamvu na ugali. Tangu nianze maisha yangu mjini, Kwaresima huwa naiona kwenye rangi ya zambarau altareni tu. Mwaka huu nimeitamani. Nataka niwe na Kwaresima yangu mimi, kuanzia Jumatano ya Majivu tarehe 18 Februari mpaka Pasaka tarehe 5 Aprili, hata kama sina jumuiya ya kunisukuma.

Sasa mniongoze. Mwezi wa Ramadhani huenda ukaandama usiku wa kuamkia Majivu au kesho yake. Maana yake nitakuwa naamka saa tisa usiku kuandaa daku, na jioni kuna futari. Nikifunga, nitajuaje kwamba namfungia Mungu kwa imani yangu, na si kwamba nafuata tu ratiba ya nyumba?

Lingine ni kazi yenyewe. Ijumaa wateja wanataka nyama, na mimi lazima nionje chumvi. Je, hapo nimevunja?

Na kubwa linaloniuma: jirani yangu, Mkatoliki mwenzangu, ameniambia asiyepokea Komunyo hapaswi kwenda kupakwa majivu. Nimekaa na neno hilo siku kadhaa. Kama majivu siruhusiwi, nina haki gani ya kuanza Kwaresima?

kijana_Kihonda

Milele amina, dada. Kuhusu majivu usisikilize majirani, nenda kapange mstari. Sijawahi kumwona padre akimwuliza mtu chochote pale.

Mimi Kwaresima huwa naacha soda, na kuanzia saa tatu usiku sishiki simu. Wiki ya kwanza ni ngumu sana, halafu mwili unazoea. Anza na kitu unachokipenda kweli, usichague kitu ambacho hata hivyo hukuwa unakitumia.

Katekista_mstaafu

Milele na milele, amina. Mwanangu, nimekusoma mara mbili kabla ya kuandika. Nimefundisha wakatekumeni tangu nikiwa msichana mpaka nikastaafu, na swali lako la mwisho ndilo nitakalolijibu kwanza.

Majivu si sakramenti, ni kisakramenti, yaani ishara takatifu ya Kanisa inayomwandaa mtu kupokea neema. Hayafungwi kwa mwenye Komunyo peke yake. Wakatekumeni ambao hata ubatizo hawajapata wanapakwa, watoto wadogo wanapakwa. Sikiliza maneno yenyewe ya padre: “Tubuni na kuiamini Injili”, au “Kumbuka kwamba u mavumbi wewe, na mavumbini utarudi.” Nani kati yetu si mavumbi? Anayesema wewe usiende hajui anachokisema, na naomba usikae na neno lake hata siku moja zaidi. Hayo majivu yanatokana na matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka jana. Kama tawi lako bado limechomekwa juu ya mlango, lipeleke parokiani kabla ya siku hiyo, lichomwe pamoja na ya wenzako. Na ujue pia kwamba Jumatano ya Majivu si sikukuu ya amri. Kazi ikikubana kabisa, huna dhambi. Lakini kwa hamu uliyo nayo, tafuta nafasi uende.

Kufunga sasa. Sheria ya Kanisa ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani, hasa tangu Papa Paulo VI alipoipanga upya mwaka 1966. Siku za kufunga kwa amri ni mbili: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Mlo wa kushiba ni mmoja. Unaruhusiwa na vitu vidogo mara mbili, visivyofika mlo mzima hata ukivijumlisha. Hiyo inamhusu mwenye miaka 18 hadi atimize 59. Kuacha nyama ni Ijumaa zote za Kwaresima na hiyo Jumatano ya Majivu, kuanzia miaka 14. Na siku ya Kanisa huanza saa sita usiku mpaka saa sita usiku inayofuata. Kwa hiyo daku ya saa tisa usiku imo ndani ya siku ile ile. Kaa na mumeo, kunywa chai na kipande cha muhogo, hicho ni kidogo chako cha kwanza. Mchana chukua kidogo kingine kama mwili unadai. Jioni keti kwenye futari na familia, ule mlo wako wa kushiba: uji, magimbi, maharage, tambi, chochote kisicho nyama. Umefunga Kikatoliki kamili, na hujaikimbia meza ya nyumbani kwako.

Unauliza utajuaje kwamba unamfungia Mungu. Mwanangu, kufunga pamoja na mumeo hakukupunguzii kitu. Nia ndiyo inayotofautisha. Asubuhi kabla ya kuwasha jiko, piga ishara ya msalaba, useme kwa maneno yako unafunga kwa ajili ya nani na kwa nini. Ukitaja jina la mgonjwa fulani, au la marehemu bibi yako, siku nzima utalikumbuka kila njaa inapouma.

Kuonja chumvi si kula nyama. Onja. Kuwauzia wengine nyama Ijumaa nako hakukatazwi, wateja wako wana imani zao. Ila ningekuwa mimi, Ijumaa ningeweka pia sufuria kubwa ya maharage ya nazi au dagaa, ili Mkatoliki anayepita stendi asikose cha kula. Wapo wengi wanaovunja kwa sababu tu kibandani hakuna kingine.

Hapa nataka kusema jambo ninalolishikilia sana. Kwaresima ina mafiga matatu, ambayo Yesu anayataja katika Mathayo sura ya 6, Injili ya Jumatano ya Majivu yenyewe: sadaka, sala na kufunga. Sufuria haikai juu ya figa moja. Mtakatifu Petro Krisologo, aliyekuwa askofu wa Ravenna karne ya 5, alifundisha kwamba hayo matatu hayatenganishwi, na kwamba mwenye moja tu bila mengine hana kitu. Kijana wa Kihonda, nafurahi umeacha soda, lakini hela ya soda inakwenda wapi? Ikibaki mfukoni ukanunulia vocha, umebana matumizi, basi. Isaya 58:7 inauliza: “Je! Siyo kuwagawia wenye njaa chakula chako?” Nabii anataka kile ulichojinyima kifike kwenye mdomo wa mtu mwingine.

Kwako wewe, mama, hili ni rahisi kuliko kwetu sote, kwa sababu unashika chakula kwa mikono yako. Kila Ijumaa sahani ya nyama ambayo ungeila wewe, thamani yake itoke siku hiyo hiyo. Pale stendi kuna wapagazi, kuna wazee wanaolala kwenye mabenchi wakisubiri nauli. Mpe mmoja sahani ya wali, umwite kwa jina kama unalijua, usitangaze. Sadaka ya Kwaresima ya parokia nayo iko, toa unachoweza, lakini mimi napenda kwanza yule unayemwona kwa macho.

Sala usijipangie nyingi. Watu hujiandikia Rozari nzima, Masifu ya asubuhi, Masifu ya jioni, sura tano za Biblia, na Jumapili ya pili wamechoka na kuacha vyote. Chukua Injili peke yake. Wakati mkaa unashika moto, soma mistari mitano. Kama mikono ina unga, fungulia Radio Maria. Masomo ya Misa za Jumapili huzunguka kwa miaka mitatu, A, B na C. Mwaka huu ni Mwaka A, na Injili za Jumapili za Kwaresima ya Mwaka A ndizo ambazo Kanisa huwapa watu wanaojiandaa kubatizwa: Yesu jangwani, Yesu anageuka sura mlimani, mwanamke Msamaria, kipofu tangu kuzaliwa, kisha Lazaro.

Jumapili ya Msamaria ni tarehe 8 Machi. Naomba uanze kuisoma Yohana sura ya 4 wiki nzima kabla ya siku hiyo, polepole. Yule mama alikuja kisimani mchana wa jua kali, peke yake. Yesu akamwomba maji kwanza. Akazungumza naye kuhusu mume, akaonyesha kwamba habari za nyumba yake anazijua zote, na bado hakumfukuza. Mazungumzo yakaendelea mpaka yule mama akaacha mtungi na kukimbia mjini kuwaita watu, na Yesu akakaa kwao siku mbili. Isome ukijua kwamba na wewe unaongeleshwa. Sitaandika zaidi, nisije nikakuharibia.

mwana_Likoni

Habari ya Morogoro, dada. Mimi ni wa Likoni, Mombasa, na mke wangu ni Mwislamu, kwa hivyo haya yako nayajua. Kwetu huku Kenya maaskofu hutoa kila mwaka kijitabu cha Kampeni ya Kwaresma, jumuiya husoma sehemu moja kila wiki na kuizungumza. Hata kama huna jumuiya ya kukusukuma, nakusihi utafute iliyo karibu nawe. Kufunga peke yako kwawezekana, lakini kusoma na wenzio kuna nguvu yake.

Nilitaka kukutahadharisha jambo ambalo wengi hawajalipiga hesabu. Idi mwaka huu yaweza kuangukia Ijumaa tarehe 20 Machi, ikiwa mwezi utaandama Alhamisi. Ijumaa hiyo ni ya Kwaresma. Pilau ya Idi ina nyama, wageni watakuja, na wewe ndiwe mpishi. Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu ni Alhamisi tarehe 19, ingekuwa siku yake ndiyo hiyo Ijumaa sheria ya nyama ingeondoka yenyewe, kwa kuwa ni sherehe kuu. Lakini haikuangukia hapo. Nenda mapema kwa paroko umweleze. Sheria ya Kanisa inampa paroko uwezo wa kumruhusu muumini akiwa na sababu ya msingi, au kumbadilishia kwa tendo jingine la toba. Mimi nilipoenda kwa padre wetu kwa jambo kama hili alinisikiliza vizuri sana. Akikuruhusu, kula na watu wako kwa amani. Asipokuruhusu, jipikie wali wa nazi na samaki kando, keti mezani pamoja nao, ndugu wataelewa.

Na jambo jingine. Idi ikipita, nyumba yote itarudi kula mchana, na wewe utabaki na wiki mbili za Kwaresma, zile nzito zaidi, hadi Wiki Kuu. Hapo ndipo utakapojua hii Kwaresma ni yako. Jiandae kwa siku hizo kuliko unavyojiandaa kwa Jumatano ya Majivu.

nesi_zamu_ya_usiku

Niongeze la afya tu. Unaamka saa tisa usiku na unakaa kwenye joto la mkaa mpaka jioni. Maji hayavunji mfungo wetu, kwa hiyo kunywa, hata kama mume hanywi. Na kama una mimba, unanyonyesha, una sukari, vidonda vya tumbo au dawa za kila siku, Kanisa halikulazimishi kufunga. Tafuta tendo jingine. Nimewahi kupokea wodini watu walioacha dawa wakidhani ni toba, na siyo.

mamalishe_moro

Sijui niwashukuruje. Nimesoma yote nikiwa nimekaa kwenye kreti la soda, wateja wamepungua mchana huu.

Siumwi, sina mimba, mtoto mdogo ameshaacha kunyonya. Maji nitakunywa, nesi.

Nimezungumza na baba watoto jana usiku. Nilikuwa na wasiwasi atasema nini. Akauliza Kwaresima ni siku ngapi, nikamwambia arobaini, Jumapili hazihesabiwi katika mfungo. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, “Basi zangu zikiisha nitakusindikiza kwenye zako.” Sikutegemea. Amesema Ijumaa saa kumi jioni atashika watoto ili niende Njia ya Msalaba, mradi mihogo ya futari niwe nimeshaimenya.

Na nimegundua kitu. Mwezi wa Ramadhani biashara ya chai ya asubuhi inakuwa ndogo sana, nusu ya wateja wangu ni madereva na makondakta Waislamu. Miaka mingine nilikuwa nalalamika. Mwaka huu Majivu nitaenda Misa ya saa kumi na mbili asubuhi, na msichana anayenisaidia atawasha moto. Nikirudi bado nawahi kupika cha mchana.

Ijumaa nitapika maharage ya nazi sufuria kubwa, na dagaa. Kuna mzee mmoja anabeba mizigo pale, sahani ya Ijumaa itakuwa ya kwake. Wali nyama kwangu ni 2,500, lakini nitampa sahani yenyewe badala ya hela, naona ndivyo ilivyo sawa kwa mtu anayepika.

Sala ni Injili tu, mistari mitano, kama bibi katekista alivyosema. Yohana 4 nimeshaisoma leo mara moja. Pale yule mama aliposema “Sina mume” nilisimama, nikaendelea baadaye.

Kwa hiyo nina swali jingine, nisameheni. Nikitaka jambo la ndoa lianze kushughulikiwa, mume abaki na dini yake, inawezekana? Na naanzia kwa nani?

kijana_Kihonda

Bibi katekista, nimekusikia. Hela ya soda kuanzia wiki ijayo naiweka pembeni. Kuna jamaa tunayeishi naye nyumba moja, amefukuzwa kazi tangu Desemba na anaona aibu kuomba. Nitamnunulia unga, niuache jikoni bila maneno.

Katekista_mstaafu

Kijana, hivyo hivyo.

Mama, inawezekana, na ninyi hamtakuwa wa kwanza wala wa mia. Mkatoliki anayetaka kufunga ndoa na mtu asiyebatizwa anahitaji ruhusa maalumu ya Askofu, na paroko wako ndiye anayeandika barua ya kuiomba. Mumeo halazimishwi kubadili dini. Wewe utaahidi kuilinda imani yako na kufanya yote unayoweza watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki, na mumeo ataelezwa ahadi hiyo ili aijue. Halazimiki kuitia sahihi kama yake, lakini ni vizuri mkaizungumza nyumbani kabla ya kufika ofisini, kwa sababu hapo ndipo wengi hukwama. Ibada ya ndoa ya namna hiyo kwa kawaida hufanyika bila Misa, na ni ndoa halali mbele ya Kanisa.

Usisubiri Pasaka ndipo uanze. Ndani ya Kwaresima paroko ana maungamo na mafungo mengi, lakini siku za ofisi zipo, na barua huchukua muda. Ukianza sasa, huenda baada ya Pasaka mkawa mmeshaingia mafundisho ya ndoa. Kuhusu kitubio na Komunyo, mwulize yeye ana kwa ana, kila nyumba ina habari yake na mimi siwezi kukupa jibu hapa. Wakati huo, kwenye benchi lako, endelea kumpokea Yesu kwa tamaa, yaani kwa hamu ya moyoni. Sala hiyo Kanisa linaiheshimu tangu zamani.

Utahitaji cheti cha ubatizo kipya, kile cha zamani cha nyumbani hakitoshi, huwa wanataka kilichotolewa ndani ya miezi sita. Kinatoka parokia uliyobatizwa, kwako ni Kilosa. Ukienda, chukua jina lako la ubatizo, mwaka, majina ya wazazi na ya msimamizi wako wa ubatizo, ili katibu akipate haraka kitabuni. Beba pia cheti chenu cha bomani. Kama una ndugu aliyebaki Kilosa, mtume, ujipunguzie nauli, lakini piga kwanza simu ofisini kwao uulize kama wanakubali kumkabidhi mtu mwingine.